Sponji imekuwa unga, wufa bado nzima

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Lindi mjini. Mjomba wangu aliyekuwa baharia ameniachia spika mbili ndogo za kuweka rafuni, zile za mbao zenye kitambaa cha kahawia mbele. Nyuma zimeandikwa ohm 8. Nimetoa kitambaa nikakuta ile ringi ya sponji inayozunguka wufa (ile spika kubwa ya besi) imekuwa unga, ukiigusa inabaki kidoleni. Halafu twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) ya spika ya kulia hailii kabisa. Fundi wa hapa mtaani kasema nitupe wufa zote mbili ninunue mpya. Je, hakuna namna ya kuzitengeneza mwenyewe nyumbani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ipo namna, na wufa hizo usizitupe. Kiwandani wufa, boksi na krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) vilipimwa kwa pamoja: ukubwa wa boksi unafuata ulaini wa koni na nguvu ya sumaku ya wufa ileile. Ukichomeka wufa yoyote ya dukani kwa sababu tu inaenea kwenye tundu, besi itakuja ya kuvimba au haitakuja kabisa. Na wufa nyingi zinazouzwa ni za gari, za ohm 4. Ukizifunga kwenye amplifaya ya zamani iliyozoea ohm 8, utaikuta inapata moto kila ukiongeza sauti.

Kilichokufa hapo ni sponji peke yake. Ni poliyurethani, viwanda vingi viliitumia kuanzia miaka ya 1970, na unyevu wa hewa huivunjavunja hata kama spika haijapigwa muziki. Kwa pwani yetu hii, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, sijui kama kuna ringi ya sponji ya umri huo ambayo bado inanyumbuka. Spika zenye ringi ya mpira au ya kitambaa hudumu zaidi.

Kabla ya yote, usiziwashe. Koni isiyo na ringi haina cha kuishika pembeni, inakaa upande, na koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inakwaruza kwenye sumaku. Zikikwaruzana hivyo kwa nyimbo mbili tatu, hapo ndipo wufa itakufa kweli.

Fungua skrubu, toa wufa, piga picha nyaya zake kwa simu kabla hujazichomoa. Weka mita ya umeme kwenye ohm, pima terminali mbili za wufa. Wufa ya ohm 8 iliyo nzima husoma pungufu kidogo, 5.5 hadi 7 hivi, usishtuke. Mita isiposoma kitu, koili imekatika au ule waya laini unaotoka kwenye terminali kwenda kwenye koni umeoza. Kisha bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili, kila kidole upande wake, ishuke na kupanda. Ikiwa kimya, una wufa nzima. Ukisikia mkwaruzo hata baada ya kuisawazisha, kuna kutu au uchafu umeingia kwenye mwanya wa sumaku, na hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea.

Twita isiyolia ipime yenyewe, si kupitia nyuma ya boksi. Wengi wanakosea hapa. Kapasita (kifaa kidogo cha krosova kinachopitisha sauti nyembamba) iliyo kabla ya twita huzuia umeme wa moja kwa moja wa mita, kwa hiyo ukipima nyuma unasoma wufa tu, na unaweza kuihukumu twita iliyo nzima. Fungua waya wake mmoja kisha upime. Ikisoma ohm kadhaa, twita ni nzima na mshukiwa ni kapasita au kiungo kilichooza kwa chumvi. Terminali zenye kutu ya kijani zisugue kwa msasa mwembamba kabisa, ule wanaomalizia wachonga vinyago vya mpingo, kisha futa kwa spiriti. Mara nyingi twita hulia hapohapo.

Kapasita ikibidi kubadilishwa, badilisha za spika zote mbili kwa wakati mmoja, zisije zikatofautiana sauti. Soma thamani iliyoandikwa ubavuni, kwa mfano mikrofaradi 4.7, tafuta ileile ya volti 50 au zaidi. Lazima iwe isiyo na upande, yenye herufi NP au BP. Zile za kawaida zenye mstari wa hasi hazifai hapo. Ukizikosa za NP, chukua mbili za kawaida za mikrofaradi 10, unganisha hasi kwa hasi, tumia ncha mbili za chanya zilizobaki: unapata kama 5, inatosha. Zaidi ya hapo krosova usiichezee. Watu hupoteza pesa kwa kapasita za bei kali wakati ringi bado ni unga.

Sasa ringi yenyewe. Ukisema "inchi 8" tu muuzaji atakupa yoyote. Pima kwa milimita: kipenyo cha koni, kipenyo cha ndani cha fremu pale ringi inapokaa, na cha nje. Angalia pia kama ya zamani ilibandikwa juu ya koni au chini yake. Kwa vipimo hivyo unaweza kuagiza Dar es Salaam, au nje ya nchi kwa mtandao.

Mabaki ya sponji yakwangue kwa ukucha na kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo. Koni ya karatasi usiiloweshe. Fremu usiikwangue kwa fujo wala kuipiga msasa bila kuziba mwanya wa katikati, kwa sababu sumaku huvuta vumbi la chuma na halitoki kirahisi. Likishaingia, jaribu kulinasa kwa upande wa selotepu wenye gundi.

Gundi ni ile nyeupe ya maseremala. Inakauka polepole, na huo ndio uzuri wake, unapata muda wa kusogeza. Gundi ya super inakuwa ngumu kama kioo, ikikosea imekosea. Ila koni ikiwa ya plastiki hiyo nyeupe haishiki, utahitaji gundi inayotaja plastiki.

Bandika ringi kwenye koni kwanza, uache ikauke mpaka kesho yake. Kisha paka gundi kwenye fremu, unganisha wufa na amplifaya ukiwa umepunguza sauti karibu na mwisho, na kwenye simu uliyoichomeka kwenye amplifaya washa programu ya kutoa mlio, uweke hezi 30. Koni itaanza kupumua. Isogeze kidogo kidogo kwa ncha za vidole huku umetega sikio. Kuna mahali mkwaruzo unatoweka, koni inacheza bila sauti ya pembeni. Hapo banisha ringi kwenye fremu kwa vibanio vya nguo kuzunguka pande zote, zima, uache usiku mzima. Hatua hii usiiharakishe hata kama umeme wa kwenu unakatika katika, ni bora usubiri urudi.

Boksi lisafishe kwa brashi kavu, ukungu ufute kwa kitambaa chenye spiriti, lianike kivulini. Pamba ya ndani ikinuka, weka ya mito ya dukani kwa kiasi kilekile. Kona zilizovimba zipake gundi nyeupe ndani ya mipasuko na uzibane, ila usitarajie zirudi zilivyokuwa. Ligonge pia kwa kidole. Likisikika tupu kwa ndani, mchwa wamekutangulia, na itabidi seremala akuchongee jingine lenye vipimo vilevile vya ndani.

Ukirudisha wufa, zungushia ukanda mwembamba wa sponji chini ya fremu yake, hewa isivuje. Mwisho, betri ya volti 1.5: chanya kwenye chanya ya wufa, gusa mara moja uachie. Koni inatakiwa itoke nje kwa spika zote mbili. Moja ikiingia ndani, nyaya zake zimebadilishana, na besi ya chumba kizima itapotea. Twita usiijaribu kwa betri, koili yake ni nyembamba.

Ukipata vipimo vya ringi, niandikie milimita zenyewe pamoja na jina lililo nyuma ya sumaku, nikwambie ipi ya kuagiza.