Jibu: Kutafuta kijiji cha nkambo (babu) aliyetoka Kasai, Kongo, kuja Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga

Ndugu, umesema nkambo alifika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) miaka ya 1930 na una karatasi ya batizo lake tu. Inatosha kuanza, lakini usikimbilie Brussels ambako Archives de l'État (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ubelgiji) wanatunza nyaraka za Union Minière. Bila nambari yake ya kazi utazama humo.

Rudi parokia iliyombatiza, uombe kusoma daftari lenyewe. Ile karatasi wanayokuandikia huacha mambo ya pembeni, na humo ndimo mali ilimo: ndoa huandikwa kando ya jina la mbatizwa, pamoja na mahali ilipofungwa. Daftari ni Kilatini: «filius» ni mtoto wa, «patrinus» ni baba wa ubatizo (mara nyingi mtu wa kwao, mtafute naye).

Halafu fungua sanduku la wazee: kitabu cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji, kadi ya kazi, karatasi za pansheni. Nakili shefferie (eneo la chifu) na teritwari (wilaya ya utawala). Ukiona «Lusambo», angalia vizuri: kuanzia 1933 hadi 1947 jimbo zima la Kasai liliitwa hivyo, kwa hiyo huenda si mji. «Né vers 1912» (alizaliwa karibu 1912) ni makisio ya karani, ongeza na punguza miaka mitano.

Jina litafute kwa kila tahajia: Tshibangu, Chibangu, Cibangu. Na mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku na serikali ya Mobutu, basi Joseph wa daftari hatakuwa Joseph kwenye karatasi za Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière.