Mashine imekataa Windows 11? Usikimbilie kutoa hela

Kuna dada kaniandikia WhatsApp wiki hii, namnukuu kidogo: "Kaka fundi samahani, kompyuta yangu ya dukani imeandika haikidhi vigezo vya Windows 11, fundi mmoja wa mjini kaniambia nimuachie hiyo niongeze hela anipe nyingine, ni kweli imekufa?" Dada yangu haijafa. Na jibu langu lilikuwa refu mpaka nikaona bora niliweke hapa, maana meseji za namna hii zinakuja kila siku tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hapa Moshi nusu ya steshenari na maduka ya pembejeo bado wako kwenye 10.

Kwanza elewa hicho kitu kinakataa nini. Windows 11 inataka ramu GB 4, diski GB 64, mashine inayowaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine) na yenye uwezo wa Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka), TPM 2.0 (chipu ya usalama), halafu prosesa iwe kwenye orodha yao, kwa Intel kwa kawaida ni jenereshen ya 8 kwenda juu. Sasa kati ya hivyo vyote kuna vitu ambavyo mashine haina kabisa, na kuna vitu inavyo ila vimezimwa tu. Watu wanachanganya hapo. Na mafundi wengine hawachanganyi, wanajua vizuri tu, ila wana mashine za kuuza.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ikikuambia haioni TPM usilie, rudi tena R andika msinfo32 uangalie palipoandikwa BIOS Mode. Ukikuta Legacy, yaani inawaka kwa mfumo wa zamani, basi ugonjwa umeshaupata, au nusu yake.

Ngoja niwape kisa cha mama mmoja wa steshenari kule Majengo. Ana Dell OptiPlex ya used, Intel jenereshen ya 8, mashine safi kabisa, imekataa Windows 11. Alishapita kwa watu kabla yangu wakamwambia hiyo imepitwa na wakati. Mi nikaiwasha nikabonyeza F2 (kwenye HP ni F10, ThinkPad ni F1), nikaingia kwenye bayosi (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka) upande wa Security, TPM ipo pale imelala, imezimwa. Nikaiwasha. Kwenye mashine nyingine utaikuta kwa jina la PTT kama ni Intel au fTPM kama ni AMD, ni kitu kilekile. Angalizo hapa, kama diski yako imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la diski, isimamishe kwanza kabla hujagusa bayosi, la sivyo ukiwasha itakudai tarakimu 48 za kuifungua na kama hukuzihifadhi mahali utanitafuta usiku.

Shida ya pili ndo ilinila muda. Aliyepiga windo mwanzo aliipiga kwa Legacy, diski ikawa MBR (mpangilio wa zamani, wakati UEFI inataka GPT), na huwezi tu kwenda bayosi kubadilisha kuwa UEFI, ukifanya hivyo mashine haitawaka, itakuandikia haioni diski na mteja amesimama nyuma yako anakuangalia. Mafundi wengi hapo wanafuta kila kitu na kupiga windo upya. Hamna haja. Windows 10 yenyewe ina programu inaitwa mbr2gpt, unafungua CMD kama admin unaandika mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS, ikikubali unaweka /convert pale penye /validate, inageuza diski bila kufuta mafaili. Bakapu ufanye lakini, si unajua umeme wetu, kwenye desktopu isiyo na UPS ukikatika katikati ya kazi hiyo ni msiba.

Ya mama ikakataa. Kwanini? Kwa sababu fundi wa zamani alikata diski vipande C, D, E, F kama keki ya ubarikio, na hii programu haitaki vipande vikuu zaidi ya vitatu wala vile vya logical. Ikabidi nihamishe mitihani ya shule, picha za pasipoti na barua za watu wote wa Majengo kwenye diski ya nje, nikafuta vile vipande, nikajaribu tena ikapita. Bayosi nikaweka UEFI, Secure Boot nikawasha, ikawaka.

Nikaanza kuapgreidi, imefika mbali kabisa ikarudi nyuma yenyewe na kodi ya kosa inayoanza na 0xC1900101. Ukiona hiyo, mara nyingi ni draiva. Nikachomoa printa, skana, kila kinachoning'inia kwenye USB, nikaondoa draiva ya printa ya zamani na ile antivairasi ya kukraki iliyokuwemo. (Ingekuwa 0xC1900208 basi kuna programu haipatani, unaitoa.) Baada ya hapo ikapita na mafaili yake yote yapo.

Nilipotaja bei mama kaniambia, "Mangi, si nimekuona umebonyeza F2 tu?" Akalipa nusu. Baadaye nasikia amewaambia majirani mi nachaji sana. Iliniuma na bado inaniuma, sitaki kudanganya. Alikuwa atoe laki kadhaa kununua mashine nyingine, nimemuokolea, halafu naonekana mwizi. Mafundi wenzangu, tajeni bei kabla hamjagusa kitufe, na mwelezeni mteja mnachofanya hata kama haelewi. Na nyie wateja, hamlipii kidole, mnalipia kujua kidole kiende wapi. Tuheshimiane jamani, vijana tunaolala na mashine za watu tukipambana nazo ni haohao mnaotuita mkiwa na haraka.

Haya, na kama prosesa yako ni ya 6 au ya 7 kweli? Hapo hata uwashe nini, kwa kawaida haikidhi. Kuna njia za kuilazimisha na flashi na watu wanazitumia, lakini Microsoft wenyewe wanasema hawakuhakikishii apudeti, mi kwenye mashine ya biashara siweki. Kama Windows 10 yako ni toleo la 22H2 na una akaunti ya Microsoft, unaweza kujiunga na ule mpango wao wa ESU, unaendelea kupata apudeti za usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajipa muda wa kutafuta hela taratibu.

Na ukienda kununua used, iwe Arusha au hapa Double Road, usinunue jina la nje. EliteBook 840 G5 zipo za jenereshen ya 8 na zipo za 7, ThinkPad T480 vilevile, kwa macho zinafanana kabisa. Mwambie muuzaji awashe, andika msinfo32 mwenyewe, soma mstari wa Processor, i5-8 na kuendelea sawa, i5-7 mrudishie au ashushe bei. Akikwambia haina chaji, subiri ichajiwe.