Injini ya boti isiyo na jina: itambue kwanza, ndipo uipime

Ndugu, umeuliza utaijuaje aina na hali ya injini ya boti iliyotumika, isiyo na jina wala kibandiko. Anza kwenye mabano yanayoishikilia kwenye boti: kibati cha nambari hukaa hapo, mara nyingi kimefunikwa na rangi. Kikiwa kimeng'oka, vua kifuniko cha juu. Injini nyingi za zamani za chapa za Johnson na Evinrude zina kizibo cha chuma cha mviringo kwenye bloku, chenye nambari iliyogongwa. Nambari ikiwa imekwanguliwa makusudi, iache injini hiyo. Huenda ni ya wizi.

Kisha toa plagi zote, upime mgandamizo wa kila silinda, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani yake. Usibabaishwe sana na ukubwa wa kipimo, angalia tofauti. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna ugonjwa ndani.

Legeza skrubu ya kumwagia oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na nakusihi, usiiwashe pakavu hata kidogo, impela ya mpira, yaani feni ya pampu ya maji ya kupozea, huharibika upesi mno. Iwashe majini, utazame kama kitundu cha kupozea kinarusha maji mfululizo.