Wasomaji wanauliza: Kiegemeo kinachosukuma kichwa

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Naendesha Hiace ya gia za mkono, Tabora–Nzega kwenda na kurudi. Kiegemeo cha kichwa kilikuwa kinanisukuma kichwa mbele mpaka shingo inakaza, nikakichomoa nikakigeuza, mbele ikawa nyuma. Shingo imepoa, ila sasa kiuno na goti la kushoto vinauma. Fundi anasema niweke mto mgongoni. Mnanishaurije? — Dereva, Ipuli, Tabora

JIBU: Ndugu dereva, pole na barabara. Kabla ya safari ya kesho, kirudishe kiegemeo kilivyokuwa. Gari likigongwa nyuma, kiti kinasukuma kiwiliwili mbele ghafla, kichwa kinabaki palepale, na shingo inavunjikia nyuma isipokuta kitu cha kuizuia. Kiegemeo kipo kwa ajili ya kukidaka kichwa hicho mapema, wala hakikuwekwa kuwa mto wa kusinzia. Kati yake na kisogo pasizidi sentimita 10. Zikiwa 5 ni bora zaidi. Ulipokigeuza, ule mwinamo wake umeelekea nyuma na pengo likapanuka. Kuna kingine: kwenye magari mengi ni nguzo moja tu yenye meno, na tundu lenye kitufe cha kufunga ni la upande huohuo. Ukigeuza, meno yanaangukia tundu lisilo lake, na kiegemeo kinashuka chenyewe kwenye matuta.

Kinachosukuma kichwa mara nyingi ni mgongo wa kiti uliosimamishwa wima mno. Ulaze jino mojamoja hadi upite kidogo pembe mraba, nyuzi 100 hadi 110, na kichwa kitapata nafasi yake.

Kiuno na goti ni habari ya umbali kati ya kiti na pedali. Toa kwanza pochi au simu mfuko wa nyuma, maana inapinda nyonga kutwa nzima. Kaa, sukuma makalio hadi mwisho wa kiti, kanyaga klachi mpaka chini kabisa. Goti libaki limekunjika kidogo. Mguu ukinyooka kama fimbo, kiuno kinanyanyuka kila unapobadili gia, na kwa njia ya Nzega hesabu mwenyewe ni mara ngapi. Breki nayo ipime vivyo hivyo, injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa limesimama, kwa sababu injini ikizimwa pedali inakuwa ngumu na itakudanganya. Halafu nyoosha mkono juu ya usukani mabega yakiwa yamegusa kiti: kifundo cha mkono kifike ukingo wa juu wa usukani. Kama kuna eabegi, kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani.

Ukishasogeza kiti, jitingishe mbele na nyuma mpaka usikie kimejifunga pande zote mbili. Mchanga wa kwetu unajaa kwenye reli, upande mmoja unashika na mwingine unaning'inia, na siku ya breki kali kiti kinateleza nawe. Safisha reli kwa brashi kavu, kisha paka grisi kidogo. Oili chafu ya injini usiimwage humo, inakusanya vumbi upya.

Kiegemeo ni cha mwisho. Kipandishe hadi ukingo wake wa juu ulingane na utosi. Ukiwa mrefu na kikaishia chini yake, kiache kwenye jino la mwisho linalojifunga. Kisha kikandamize bila kubonyeza kitufe. Kikishuka, meno yameliwa, badilisha.

Mto wa fundi hatuukubali, kwani ukiwa mnene unakusogeza mbele na kichwa kinabaki mbali na kiegemeo. Taulo lililokunjwa unene wa vidole viwili, penye mbonyeo wa kiuno, linatosha. Pima pengo la kisogo tena ukishaliweka.

SWALI: Viegemeo vya kiti cha nyuma vimeshushwa chini kabisa tangu tununue gari. Tuviache? — Mama, Ujiji

JIBU: Hapana, mama. Hushushwa ili dereva aone nyuma pasipo na abiria. Mtu mzima akikaa, kiegemeo kilichoshuka kinamgota shingoni badala ya kukidaka kichwa. Bonyeza kitufe, vuta juu mpaka kijifunge, na umpimie kila abiria mwenyewe kabla hamjaondoka.