Jibu: Je, kipimo cha damu kinaonyesha kama mtu ana tatizo la pombe?

Dada, umeuliza kama daktari akimpima kaka yako damu atajua pombe imeshamzidi. Damu peke yake haitoshi. Kipimo cha ini kiitwacho GGT hupanda kwa pombe, lakini hata mafuta kwenye ini au baadhi ya dawa za kifafa hukipandisha, na wapo wanywaji wakubwa ambao majibu yao hutoka safi.

Kinachosaidia zaidi ni maswali. Yanayotumika sana ni ya AUDIT, yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani: maswali 10, kila moja hadi alama 4. Akifikisha 8, unywaji wake una hatari. Kuanzia 20, daktari huchunguza kama tayari ni utegemezi.

Kwenye idadi ndipo wengi hukosea. Kipimo kimoja cha kinywaji ni gramu 10 za pombe halisi, na bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Kwa hiyo anayesema "nilikunywa tatu tu" amekunywa vipimo sita, na swali la 3 linauliza hasa hilo: ni mara ngapi unakunywa sita au zaidi kwa mkao mmoja? Ataje chupa na ukubwa wake, daktari atahesabu.

Mwache aulizwe peke yake. Mbele ya ndugu, wengi huficha. Ila akitetemeka mikono asubuhi kabla hajanywa, mwambie daktari mapema, na tafadhali asiache pombe ghafla nyumbani. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili, na linaweza kuua.