"Terrible" ya zamani siyo "mbaya"

SWALI: Habari za kazi. Najisomea Biblia ya Kingereza, ile ya King James, nikafika Kumbukumbu la Torati 7:21 nikakuta Mungu anaitwa "a mighty God and terrible". Sasa shuleni mi nilifundishwa terrible ni mbaya sana, imekuaje tena Mungu aitwe hivyo? Au ni kosa la uchapaji?

JIBU: Nzuri, na asante kwa swali, maana hapo wanajikwaa wengi. Hakuna kosa. Biblia hiyo ilitoka 1611 na enzi hizo "terrible" ilikua ni kitu cha kutisha, basi, habari ya ubaya haikua lazima iwepo. Limetoka kwenye Kilatini, terrere, yani kutisha, ndo maana "terror" na "terrify" ni ndugu zake wa damu. Na kitu kinaweza kikakutisha kwa uovu wake lakini pia kinaweza kukutisha kwa ukuu wake tu, kama vile radi ikipiga karibu na wewe unanyamaza kimya wakati haijakukosea chochote, na mstari huo unazungumzia utisho wa namna hiyo. Sisi tuna neno zuri sana hapa, KICHO. Tukisema fulani ni mcha Mungu hakuna anayeelewa kwamba huyo mtu anamkimbia Mungu, tunaelewa anamwogopa kwa heshima.

Ndo hivyo hivyo kwa yule mfalme wa Urusi, Ivan wa Nne aliyefariki 1584, Waingereza wanamwita Ivan the Terrible. Kwa Kirusi ni Grozny, neno lenye shina moja na groza, yani dhoruba ya radi, kwahiyo jina linasema mfalme wa kuogofya. Alikua mkatili kweli na aliua watu wengi, lakini anayetafsiri "Ivan Mbaya" anakosea.

Cha kushangaza, "terrific" nayo zamani ilikua ya kutisha, leo ni sifa, kitu safi kabisa! Wala tusiwashangae sana, si na sisi tunasema "jamaa anapiga gitaa hatari" na tunamsifia?

Ila angalizo, maana hiyo ya zamani iache kwenye kusoma. Ukimwambia mtu leo "your father is terrible" ukidhani unamsifia mzee kwa kuogopwa, atajua umemtukana baba yake. Ukitaka kusema kitu kinatisha tumia "frightening" au "terrifying".