Nani anamshika mtoto mkono? Wazazi wa Goma wanauliza

*Ninakaa Majengo. Watoto wangu wawili wanasoma mwaka wa pili na wa tano wa msingi. Tangu volkano ya 2021, ardhi ikitikisika kidogo tu, roho yangu inakimbilia masomoni. Nimemuuliza direkta wa shule yao, akanijibu: "Mama, tutawaangalia." Nimuulize nini zaidi? Na siku hiyo nikimbie kuwachukua ao nisubiri?*
Mama wa Majengo

Mama, rudi kwa direkta na swali moja: mlima ukilipuka saa nne asubuhi, nani atatoka na mtoto wangu, na atamkabidhi nani?

Watoto hupotea pale pa kukabidhiana. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi jioni, watoto wakiwa nyumbani, na bado UNICEF ilitangaza kwamba zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao katika mbio za kuelekea Sake, upande wa magharibi, na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Mwaka 2002 ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Januari. Mlima ulipasuka asubuhi, na siku hiyohiyo lava ikaingia mjini. Shule inayopanga kana kwamba mlipuko utangoja wikendi haijapanga kitu.

Anza na daftari la mahudhurio. Mwalimu anatoka wa mwisho darasani akiwa nalo mkononi, na watoto wanahesabiwa mara tatu: kabla ya kutoka, uani, na mahali pa kufikia. Kosa tunaloogopa zaidi ni dogo sana: daftari limefungiwa ofisini kwa direkta, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwisha kukimbia. Omba daftari likae darasani tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Kisha orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Majina matatu yanatosha, kila moja na nambari ya simu, picha na sahihi. Aliye nje ya orodha asipewe mtoto, hata akiwa jirani anayejulikana mtaa mzima, hata akisema "mama yake amenituma". Wekeni pia neno la siri kati yenu na mtoto, neno la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulikisia. Orodha hii huandikwa Septemba na kusahauliwa: shangazi anahama, simu inabadilishwa, na siku ya shida jina lililobaki halimsaidii mtu. Ipitie kila trimesta, dakika tano tu.

Mtengenezee kila mtoto kadi ya kartoni ya sentimita 7 kwa 10. Andika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino hutawanyika ukilowa: jina, darasa, avenyu, nambari mbili za wazazi kwenye mitandao miwili tofauti, na nambari ya ndugu aliye mbali na Goma, kwa mfano Bukavu ao Butembo. Huyo ndugu ana kazi yake. Mji wote ukipiga simu kwa pamoja, mitandao hujaa, lakini ujumbe mfupi kwa mtu wa nje unaweza kupenya, naye anakuwa kiungo kati ya mama aliye Sake na mtoto aliye Gisenyi. Kama mtoto ana pumu ao dawa za kila siku, andika. Funga kadi ndani ya plastiki kwa utepe, uishone upande wa ndani wa begi, na nyingine ndani ya pindo la sare, maana begi hutupwa njiani. Usiandike jina la mtoto nje ya begi. Mtu mbaya akilisoma atamwita kwa jina, na mtoto ataamini kwamba anajulikana.

Sasa, kukimbia ao kusubiri. Kosa kubwa ni wazazi kupanda barabara moja huku walimu wakishuka na watoto kwa nyingine. Kubalianeni kwa maandishi: shule itabaki uani dakika ngapi (ni kamati ya wazazi na walimu wanaojua umbali wa nyumba zenu), na baada ya hapo itaelekea wapi. Chagueni mahali pawili, pa kwanza upande wa Sake, pa pili upande wa mpaka wa Gisenyi. Upande mmoja hautoshi. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. 2021 ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Nyufa hufunguka zinapotaka, kwa hiyo uamuzi utafuata tangazo la Kituo cha Volkano cha Goma na la serikali siku ileile. Kama unaweza kufika shuleni kabla ya dakika hizo kwisha na njia ni salama, nenda. Kama huwezi, elekea moja kwa moja mahali pa kukutania. Usikate kamwe juu ya lava iliyoonekana kukauka: gome la juu ni jeusi na limetulia, chini bado ni moto na gesi. Mwaka 2021 kuna waliokufa kwa kuivuka.

Dai pia zoezi mara moja kwa trimesta, na liwe wakati mwingine siku ya mvua. Hapo ndipo mtaona mlango unaofunguka kwa ndani na benchi lililoziba njia.

*Watoto wetu huku Mugunga wanatoka nyumbani saa kumi na mbili na kukata njia ya mkato kwenye mashimo ya mawe. Juzi tumekuta mbuzi amekufa humo. Wakubwa wanasema ni mazuku. Je, mtoto akifunga kitambaa kwenye pua inatosha?*
Baba wa Mugunga

Haitoshi, Baba, na tunaomba watoto wasipite tena hapo kuanzia kesho. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Kitambaa hakiizuii, kikavu wala kilicholowa. Ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, hivyo hutuama bondeni kama maji, bila rangi. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake. Mtoto, ao yeyote anayeinama kufunga kiatu, anaivuta. Ikifika sehemu 10 kwa 100 za hewa, dakika chache tu fahamu zinapotea.

Saa mnayoitaja ndiyo mbaya kabisa. Usiku na alfajiri hakuna jua la kuipasha hewa, upepo umelala, gesi inajaa. Wapitie barabara iliyoinuka, hata kama inaongeza robo saa, na wakati wa michezo mpira ukiingia shimoni usifuatwe. Dalili ni wadudu, panya ao ndege waliokufa, na majani yaliyokauka kwa mstari ulionyooka kama yamepimwa. Wengine hupima kwa mshumaa. Ukizimika, hatari ni kubwa mno. Lakini ukiwaka haina maana kwamba pako salama: moto huendelea kuwaka kwenye gesi inayotosha kumtia mtoto kizunguzungu na kumwangusha.

Mfundisheni mtoto hili kuliko yote: mwenzako akianguka shimoni, usishuke. Anayeshuka kuokoa huanguka juu ya wa kwanza. Apige kelele, aite wakubwa; nao wamvute kwa kamba ao mti mrefu wakiwa juu. Akishatolewa kwenye hewa safi na hapumui, mpulizie pumzi tano mdomoni, kisha mkandamize kifua mara 30 na pumzi 2, tena na tena, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka apumue ao afikishwe kwa muganga. Shimo lenyewe lijulisheni kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), mlizungushie mawe na kibao.

*Motari wetu, mwenye pikipiki, anabeba watoto watatu pamoja hadi masomoni. Ni mtu mwema na bei ni nafuu. Tufanye nini?*
Mama wa Ndosho

Mama, wema wake hausimamishi pikipiki. Watatu nyuma wanausogeza uzito hadi gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mawe ya lava usukani unamponyoka. Anayewekwa mbele juu ya tangi ndiye anayegonga usukani kwanza. Mtoto mmoja kwa safari, nyuma, na miguu yake ifikie vikanyagio. Kama haifiki, bado ni mdogo, aende kwa miguu na mkubwa. Avae kofia ngumu inayokaza kidevuni. Kamba za begi na mtandio zifungwe, kwa sababu gurudumu huzivuta. Ashukie upande wa pili wa bomba la moshi, ambalo huunguza shavu la mguu. Lipeni kwa mwezi safari ya kila mtoto peke yake, ili asiwe na sababu ya kuwapakia wote mara moja, na jina lake liingie kwenye ile orodha ya shule. Amkabidhi mtoto kwa mlinzi ndani ya geti, asimwache ng'ambo ya barabara.